Sauti Iliyotoka Kichwani Mwangu

Kisogo cha mgonjwa kisafisheni kwa sabuni na maji ya moto. Msitumie spiriti. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa langu la kwanza katika kazi hii, na kwa sababu wiki iliyopita, mliponialika kutazama mitambo yenu mipya ya kuwatibu walevi, niliona chupa ya spiriti juu ya meza. Hakuna aliyeniuliza, nami nikanyamaza kama mgeni. Sasa nasema.

Wakati wangu, mwishoni mwa miaka ya sabini, hatukuwa na skrini wala picha za rangi. Tulikuwa na kisanduku cha chuma, kikubwa kama redio ya betri, kilicholetwa Voi na daktari mgeni. Alikaa kwenye zahanati yetu mwaka mmoja, akarudi kwao, akakiacha. Nyaya tatu zilitoka ndani yake: mmoja ulibandikwa kisogoni, mbili kwenye ndewe za masikio. Ubongo wa mtu ukitulia kwa namna fulani, mawimbi yake ya umeme huwa makubwa na ya polepole, na kisanduku kikiyapata kilitoa sauti nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Akili ikihangaika, sauti ilizima. Daktari alifikiri kwamba mlevi akiusikia utulivu wake kwa masikio yake mwenyewe, atajifunza kuurudisha unapopotea, na siku kiu ya pombe itakapomshika atajua pa kuanzia.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya saikolojia, na sikuamini. Sikukiamini kisanduku, sikumwamini aliyekileta, na vitabu vilivyosema kinafaa sikuviamini zaidi ya vile vilivyosema hakifai. Kila mtu alipomaliza sentensi, mimi niliuliza swali. Mzee Odera, muuguzi mkuu wetu, mtu wa magharibi mwa nchi aliyeanza kazi ya hospitali kabla sijazaliwa, alinipa jina siku ya pili: Msomi. Hakulisema kwa ubaya, wala hakulisema kwa sifa.

Sasa kuhusu spiriti. Kijitabu cha maelezo kilisema ngozi isuguliwe kwa spiriti mpaka mafuta yatoke, na kweli watu wetu hupaka nywele mafuta, na umeme haupiti kwenye mafuta. Nikasugua visogo vya wanaume kwa wiki sita, huku nikiandika kwenye daftari kwamba kiu ya pombe inaongezeka wakati wa mazoezi. Nilidhani nimegundua jambo kubwa. Nilikuwa nimeanza hata kuandika barua ndefu kwa mwalimu wangu wa chuo. Siku moja Mzee Odera aliingia, akasimama mlangoni, akanusa.

"Msomi, unawafanyia nini hawa watu?"

"Ninawafundisha kutulia."

"Mbona chumba kinanuka kama baa?"

Mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti, mkata katani kutoka upande wa Mwatate, akafungua jicho moja. "Kumbe hiyo si dawa?" akauliza. "Mimi kila siku nimekuwa nikivuta pumzi kwa nguvu ili inifikie yote."

Barua ile sikuituma.

Dawa ya kubandikia nyaya nayo ilipokwisha, hatukuwa na pa kuagiza nyingine. Mzee Odera akakoroga uji mzito wa unga wa ngano na chumvi nyingi, na ulishika vizuri kuliko ile ya dukani. Kasoro yake ni kwamba ukikauka unabaki kwenye nywele, na mwanamume akirudi nyumbani na unga kisogoni mkewe hutaka kujua ametoka jikoni kwa nani. Wawili waliacha mazoezi kwa sababu hiyo. Tukaweka beseni na taulo mlangoni, wakarudi.

Halafu kulikuwa na treni. Zahanati ilikuwa karibu na reli, na treni ya mizigo ilipopita sakafu ilitetemeka, nyaya zikacheza, na kisanduku kikaanza kuimba hata kama mtu kwenye kiti alikuwa anawaza matanga. Mgonjwa akisaga meno, kinaimba. Akifumba macho, karibu kila mtu kinamwimbia. Nilijaribu kwenye kichwa changu mwenyewe, nikafumba, sauti ikaja, na Mungu anajua sikuwa nimetulia hata kidogo. Ndiyo maana tulibadilisha zoezi. Mgonjwa akae macho wazi, mezani mbele yake kuwe na chupa ya chang'aa iliyofunguliwa kizibo, na aitafute sauti akiwa anaitazama chupa. Hapo kazi ilikuwa kazi. Chupa ilipotoka kabatini, sauti ilikufa kwa kila mmoja wao, na baadhi yao walijifunza kuirudisha polepole baada ya wiki nyingi.

Mbele ya mtambo wowote jiulizeni: ni kitu gani kingine kingeweza kuufanya useme hivi? Ni swali zuri, na bado ninalipenda. Lakini mimi lilinifikisha mahali pabaya, nami nataka mjue namna lilivyonifikisha.

Kulikuwa na mgonjwa aliyeitwa Mwadime, mtu wa kama miaka hamsini, mzaliwa wa Rukanga chini ya mlima Kasigau. Kazi yake ilikuwa kwenye reli, kuvuta zile nondo nzito zinazobadilisha njia ya treni. Alikuja zahanati mwenyewe, bila kuburutwa na mke wala kutishwa na chifu, jambo ambalo hadi leo mtaliona mara chache. Nikamuuliza sababu. Akasema ni kwa ajili ya binti yake.

Mwaka mmoja nyuma, binti yake Wakesho alikuwa amechukua mtungi wake wa mbangara, ile pombe ya nyumbani kwetu, akaumwaga uani mbele ya wageni. Mwadime, akiwa amelewa, alimwambia binti yake kwamba basi na yeye asipate mtoto wa kumfanyia hivyo. Tangu siku hiyo mimba mbili za Wakesho zilikuwa zimetoka, na sasa alikuwa na ya tatu.

"Mzee, maneno hayatoi mimba," nikamwambia.

"Wewe ulikuwepo nikiyasema?"

"Sikuwepo."

"Basi ngoja."

Alikuja kila alasiri baada ya zamu, amenawa uso, kofia mkononi. Kwa wiki nyingi chupa ilimshinda. Halafu siku moja sauti ilianza kurudi, dakika moja, kisha mbili. Nilimuuliza anafanyaje, akasema anafikiria reli tupu iliyonyooka, isiyo na treni inayokuja. Na jioni, je, kiu imepungua? Imepungua kidogo, akasema. Hapo swali langu likaniwasha. Je, ni kweli kwamba kiu ilipungua kwa sababu alisikia ubongo wake? Au ni kwa sababu alikaa kimya nusu saa kila siku mbele ya mtu anayemsikiliza? Je, angesikia sauti ya ubongo wa mtu mwingine na kudhani ni yake, ingekuwaje?

Mnaona lilivyo swali safi. Kulijibu kulikuwa rahisi pia. Chumba kilikuwa na pazia. Nilimbandika Mwadime nyaya za akiba ambazo mwisho wake haukufika popote, nikamwambia nitakuwa nyuma ya pazia nikiandika, kisha nikajibandika nyaya halisi kichwani mwangu, nikalala kwenye kitanda cha wagonjwa, nikafumba macho. Kisanduku kikaimba. Upande wa pili Mwadime aliitazama chupa na kusikia utulivu wangu.

Nilifanya hivyo siku tatu mfululizo. Siku ya pili nilijisahau. Nilisikia mlango wa jikoni, nikafumbua macho, na sauti ikakatika. Kutoka upande wa pili wa pazia Mwadime akasema, kwa sauti ya chini, "Samahani binti. Nimeiwaza chupa."

Nami nikasema, "Si kitu, Mzee. Jaribu tena." Kisha nikafumba macho.

Siku ya tatu, tulipomaliza, Mzee Odera alikuwa ameingia kuchukua beseni, na Mwadime akatuambia sote wawili habari yake. Kwao walikuwa wakimwita akatase. Wale miongoni mwenu msio Wadawida, yaani Wataita, kutasa ni hivi: mtu mwenye kinyongo na ndugu yake huchukua funda la pombe, halimezi, hulipuliza nje kama manyunyu, huku akitamka kwamba hasira imtoke na huyu mwingine apate heri. Bila hivyo, wazee husema, hasira hukaa moyoni mwa mkubwa na kumdhuru mdogo. Mwadime alikuwa ameitwa mara mbili, na mara zote mbili alisingizia zamu. Alijua hawezi kuweka mbangara kinywani na asiimeze, na akishameza ya kwanza hatarudi Voi kwa wiki nzima.

"Lakini sasa siku tatu hizi chupa haikunigusa," akasema. "Sauti imekaa, imekaa. Mmesikia wenyewe. Nimewatumia neno kwamba Jumamosi nakwenda."

Alipoondoka, Mzee Odera alinitazama kichwani.

"Msomi. Hicho kisogoni mwako ni nini?"

Nikashika. Ulikuwa unga.

"Na wewe umeanza kulewa lini?"

Nikamweleza yote, na nakiri nilimweleza kwa hamu, kwa maana bado niliona ni jaribio zuri. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa umejua nini?"

"Kwamba si lazima sauti iwe yake. Siku tatu hizi amesema kiu imepungua vilevile."

"Na yeye amejua nini?"

"Kwamba anaweza."

"Kwa kichwa chako."

"Mzee, pengine kuamini kwenyewe ndiko kunakomsaidia. Nikimwambia, namnyang'anya. Atakwenda Rukanga mikono mitupu."

"Inawezekana," akasema Mzee Odera. "Mimi sijui, na wewe hujui. Lakini pombe inaingia kinywani mwake. Mwambie kabla hajaondoka."

Nililala na jambo hilo usiku mmoja. Nilikuwa na hoja nyingi, na zote zilikuwa na akili. Asubuhi nilimkuta Mwadime karibu na reli akipaka grisi nondo zake, nikamwambia. Hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

"Siku ile sauti ilipokatika," akasema, "ulifanya nini?"

"Nilifumbua macho."

"Nami nikakuomba samahani."

"Ndiyo."

"Ukaipokea."

"Ndiyo, Mzee."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Sasa nina hasira na watu wawili," akasema. "Mtu hatasi akiwa na hasira pembeni. Umeniongezea mzigo."

Nikamwambia kutasa hufanywa hata kwa maji. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa na alitumia maji ya mtungi. Akatikisa kichwa. Dada yake mkubwa, Mkamburi, alikuwa amekwisha kupika mbangara, na wazee walikuwa wameambiwa. Mwanamume wa rika lake akiomba maji ataulizwa kwa nini, na kwao hakuna aliyejua kwamba anakwenda zahanati. Walidhani ameacha tu, kama mtu anavyoacha kuvaa kofia.

"Waambie," nikasema.

"Wewe ulipata ugumu kuniambia mimi neno moja, nami ni mmoja. Huko wako kumi na tano." Akainama tena kwenye grisi yake. "Njoo Jumamosi. Nataka uwepo."

Nilikwenda. Ilikuwa alasiri, uani kwa Mkamburi, kuku wakifukuzwa na kurudi. Mkamburi alikuwa mwanamke mrefu, shemasi kanisani, na hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Wakesho aliketi kwenye kigoda, tumbo likiwa limeanza kuonekana, kanga mpya mabegani. Hakumtazama baba yake. Mwadime alisimama mbele yake na kibuyu, nami niliketi na wanawake, mbali kama hatua nne.

Akachukua funda la kwanza. Akalipuliza vizuri, manyunyu yakamwangukia Wakesho miguuni. "Neno nililolisema juu yako," akasema, "limetoka. Liende na maji ya bonde."

Akachukua la pili. "Na huyu msichana wa nyaya aliyenichezea," akasema, akigeuka upande wetu, "hasira yangu juu yake nayo itoke." Akalipuliza, na manyunyu mengine yakanipata kwenye miwani. Wanawake wakacheka, wakaniuliza nimemchezea mchezo gani, nami nikafuta miwani.

La tatu lilikaa. Mashavu yalijaa, macho akayafumba, na niliona taya likikaza kama lilivyokaza kila siku mbele ya chupa yetu. Nilijua, kuliko mtu yeyote pale, kinachoendelea ndani ya kichwa kile, na kumbe sikujua chochote, kwa maana hapakuwa na kisanduku, na hata kingekuwepo kingesema nini? Nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Angeweza kuficha. Ukipuliza mate, aliye kando hajui. Alikiweka kibuyu chini.

"Hili nimelimeza," akasema.

Mdogo wake akacheka. "Basi ongeza, kaka, iko nyingi."

"Siongezi. Nikiongeza sitaacha." Akasimama hapo mikono imening'inia. "Mimi ni mgonjwa wa kitu hiki. Kila siku nakwenda Voi nafungwa nyaya kichwani kama redio. Si kwamba nimeacha. Ninashindana nacho tu."

Mkamburi akamtazama ndugu yake kuanzia miguuni hadi kofia.

"Na mwaka mzima ulikuwa unasingizia zamu."

"Ndiyo, dada."

"Nami nikapika hii kwa siku nne." Akachukua kibuyu, akaenda akakimwaga kwenye shina la mgomba, bila haraka. "Ungesema. Mungu huyo huyo aliumba na maji."

Aliyeinuka kwenda kuyaleta alikuwa Wakesho mwenyewe. Alirudi na kikombe cha bati kimejaa, akampa baba yake kwa mikono miwili, kisha akaketi tena kwenye kigoda na safari hii akamtazama.

"Anza upya," akasema Mkamburi. "Yote."

Akaanza upya. Alipuliza mpaka kikombe kikaisha, maneno yakawa mengi kuliko yanayohitajika, na kanga mpya ya Wakesho ikalowa yote.

Mtauliza kilichofuata, nami nina haki gani ya kuwanyima. Wakesho alijifungua mtoto wa kike. Mkamburi alisema ni kutasa, wa kanisani wakasema ni maombi, mkunga akasema ni vidonge vya damu na kulala mapema. Hakuna aliyekitaja kisanduku. Mwadime alianguka tena mara mbili katika miaka niliyomjua, na mara zote mbili alikuja mwenyewe kusema, kabla sijamuuliza. Je, ni kisanduku kilichomsaidia, au kiti, au uji wa ngano, au siku ile uani? Mtu mmoja na siku tatu za hila hazithibitishi kitu, na nilizipata kwa njia ambayo sasa ninyi mngeombwa kusaini karatasi kabla ya kuijaribu. Karatasi hizo zipo kwa ajili ya watu kama mimi wakati ule. Swali lenyewe bado liko wazi, na kama mtalijibu, nitakuja kusikiliza.

Jumatatu baada ya Rukanga, Mwadime alikuja baada ya zamu kama kawaida. Nilimbandika nyaya. Kabla ya kuketi aliushika ule wa kisogoni kwa vidole viwili, akaufuata polepole hadi kwenye kisanduku, akatazama unapoingilia. Akafanya hivyo kwa zile za masikioni. Kisha akalifungua pazia lote, akakivuta kiti changu kutoka nyuma yake, akakiweka kando ya chupa.

"Kaa hapa," akasema. "Nikuone."

Siku ile sauti haikutoka, wala siku ya pili. Ya tatu ilitoka, hafifu, kwa muda usiozidi dakika moja, na ilikuwa yake.